Chupa ya Dawa ya Spaida

Nilipohamishwa kutoka kukata maua nikapelekwa kwenye kupiga dawa, supavaisa alitueleza dawa mpya ya spaida, wale utitiri wekundu wanaonyonya majani ya waridi. Mimi niliishia darasa la nane. Naandika nilivyoelewa, nikikosea, kosa ni langu, si lake.

Alisema ndani ya kila kiumbe mna viwanda vidogo mno, mitokondria. Chakula kikifika humo kinatoa elektroni, nazo zinapokezanwa kwenye mstari, mkono kwa mkono, kama tunavyopitishiana ndoo nyumba ikishika moto. Zikipita hivyo, protoni zinasukumwa ng'ambo ya ukuta mwembamba mpaka zinasongamana. Zikirudi, zinapitia kijilango kinachozunguka kama kinu, na huko kuzunguka ndiko kunakoleta nguvu. Mwisho wa mstari oksijeni inangoja, inapokea elektroni, yanakuwa maji. Ndiyo maana tunapumua.

"Sasa hii dawa inamshika mkono yule wa kwanza. Mstari unasimama."

"Na spaida anakufa?"

"Kwanza anasimama. Hewa anayo, chakula anacho, nguvu hana."

"Kama mzee wangu Jumapili," mama mmoja akasema, tukacheka.

Supavaisa hakucheka. "Hata wewe una huo mstari," akamwambia.

Baadaye, Jumamosi moja mchana, niliingia kwa jirani hapa mtaani kwetu Karagita kuomba kiberiti, nikaona kunguni ukutani. Hawakukimbia. Walikuwa wamesimama tu, miguu wameitandaza.

"Umepiga nini humu?"

"Ile ya spaida. Bwanangu alitoka nayo kazini kidogo kwa chupa ya soda. Mathe, jana nimelala kama malkia!"

Simlaumu. Aliyelala na kunguni wa vyumba vya ploti yetu ndiye anajua. Tena kwetu kitu kizuri hakikaliwi. Ukipika githeri, jirani anaonja.

"Chupa iko wapi?"

Alikuwa amempa wa mlango wa kona. Wa kona alikuwa amempa fundi wa cherehani. Fundi alikuwa amempa mama mchanga wa mlango wa mwisho, ambaye hajarudi kazini tangu ajifungue.

Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ndani. Chini alikuwa ameuziba kwa leso, dawa isitoroke. Nikagonga. Nikaokota jiwe, nikagonga nalo.

Akafungua akishikilia ukuta. "Ni kichwa tu," akasema.

Mtoto alikuwa juu ya godoro ambalo bado lilikuwa limelowa dawa. Hakulia. Kifua kilipanda na kushuka upesi upesi, hewa ilikuwa ikiingia, lakini mikono imelegea. Nilitamani nisingekuwa kwenye yale mafunzo.

Tulimtoa nje, tukamvua, tukamwosha kwa sabuni, bodaboda akaitwa. Alilia tulipofika getini kwa zahanati. Kilio chembamba, lakini kilio. Daktari alisema pengine ni dawa, pengine ni joto la mabati, hawezi kuapa. Hata mimi siwezi.

Tuliporudi, mama wa nyumba inayoangaliana na ile alikuwa amesimama mlangoni, dirisha lake limefungwa.

"Poleni. Mtoto ako sawa? Ile chupa mliiacha wazi, nikachukua kilichobaki, nikapiga kwangu."

"Watoto wako wako wapi?" nikamuuliza.

"Wamelala ndani," akasema. "Leo hata hawajikuni."