Henga na Kishikwambi

Binti yangu alifika darasa la tatu hajui kusoma, na mimi sikujua kwamba hajui. Kila jioni, nikishafunga meza yangu ya nguo za watoto Kariakoo, nilikuwa namkalisha kitandani na kitabu. Anatiririka. Kidole kinatembea, mdomo unatembea, mimi nakoroga uji huku najisifu kimoyomoyo. Siku moja upepo wa feni ukafunua ukurasa mwingine. Yeye akaendelea na ule wa mwanzo, neno kwa neno, kidole kikipita juu ya picha ya ng'ombe.

Nilichukua henga. Nauza nguo, henga za kuzitundikia hazikosekani kwangu. Nilimpiga mgongoni na mapajani mpaka ikakatika, nikachukua nyingine. Namchapa kwa uongo wake, ndivyo nilivyojiambia. Alikuwa na miaka tisa.

Wiki hiyo hiyo akarudi kutoka shule viganja vimevimba, kijiko hakishikiki. Mwalimu wake wa Kiswahili, mtu mzima, alikuwa na utaratibu wake: unasimama, unasoma mstari, kila neno ulilokosa ni fimbo moja. Mstari ule ulikuwa na maneno kumi na moja. Aliyakosa yote.

Asubuhi nikamwachia jirani meza, nikaenda. Niliingia darasani bila hodi, sikumwamkia mtu. Nikamnyang'anya yule mwalimu fimbo, nikamtandika nayo begani, kisha nikamkwida shati. Watoto walikuwa wamejaa mpaka sakafuni. Wengine wanalia, wengine wanacheka. Akanisukuma, nikaangukia dawati, mdomo ukachanika. Nikainuka nikamng'ata mkono.

Walimu wenzake walitutenganisha wakatupeleka kwa mwalimu mkuu, mama mmoja mpole wa sauti. Nikamwambia huyu mtu leo analala polisi. Aliagiza binti yangu aitwe, akamgeuza, akainua shati lake taratibu.

"Na hii, mama? Fimbo ya shule inaacha alama hivi?"

Alama zilikuwa na ncha iliyopinda, kama ndoano ya henga. Yule mwalimu alikuwa anajifuta damu mkononi, ananitazama. Nilitamani aseme neno, nimrukie tena.

Shule ilikuwa imeanzisha darasa dogo kwenye chumba kilichokuwa stoo, la watoto ambao kusoma kumewashinda. Nusu ya kipindi wanavaa spika za masikioni, kishikwambi kinawasomea neno huku lenyewe linawaka kwenye kioo. Nusu nyingine wanakaa mkekani na mwalimu, binti wa rika langu, wanayasoma yale yale kwenye kadi, mmoja mmoja, hakuna kuitikia kwa pamoja. Ilibaki nafasi moja. Mwalimu mkuu alisema ataipata mwanangu, ila kila Ijumaa nikae naye mkekani, na siku nitakayompiga tena kwa sababu ya kusoma, nafasi anapewa mwingine.

Nikauliza, na huyu mzee wako wa fimbo je?

"Wangu niachie mimi. Wewe hangaika na wako."

Nilimchukia kwa jibu lile. Namchukia bado. Nikakubali.

Ijumaa ya kwanza mdomo wangu ulikuwa na kidonda kibichi. Binti yangu alivua spika akaja mkekani. Mwalimu alizichanganya kadi kwanza, asije akakariri. Kadi mbili zikapita. Ya tatu akakwama. Akaitazama, akaitazama. Hasira ile ile ikaanza kunipanda, naijua njia yake. Nzi akatua kwenye kidonda changu. Nikainua mkono nimfukuze.

Mwanangu alijikunja. Mkono wake mmoja ukaruka kichwani kujikinga.

Mwalimu aliniangalia. Nikaiweka mikono yangu chini ya mapaja, nikaikalia yote miwili. Nzi akarudi, akatembea mdomoni anavyotaka.

"Ki," akasema mwanangu. Akanitupia jicho. "Si. Ma." Akavuta pumzi. "Kisima."

Mwalimu akamwekea kadi nyingine. Akaisoma nayo, na inayofuata, mkono ule haujashuka kutoka kichwani.