Nilivyokanda Unga Badala ya Titi

Mtanicheka, lakini nasema. Mimi ni mzaliwa wa huko Kisoko, kijijini; Kiswahili nimejifunzia jikoni kwa mama mkwe, muuza chapati hapa Tororo.

Majuzi titi langu lilivimba, likawa gumu, na homa ikanitetemesha. Majirani wakasema, "Maziwa hayo yameoza, mwachishe mtoto!" Nikakimbilia zahanati ya serikali ya Mwingereza. Sista wa Kizungu akanipa vidonge, akasema, "Kanda na maji ya moto, halafu mtoto anyonye. Usimwachishe."

Kukanda nakujua! Nikakanda unga kwa maji ya moto, nikaubandika titini, nikafunga leso. Ulipopoa nilijifuta, nikamnyonyesha mwanangu, kisha nikakanda mwingine.

"Unga wangu unakwenda wapi?" mama mkwe akauliza.

"Sista ameagiza, mama."

Homa ilipokwisha nikarudi zahanati na mwanangu mgongoni, kifua mbele. Mbele ya akina mama wote, Sista akafungua leso, na donge la unga likamwangukia kiatuni.

"Nini hii?"

"Nimekanda, Memsabu."

Akacheka mpaka akakaa. "Nilisema kanda titi, si unga!" Kisha akalibonyeza titi. Lilikuwa laini kabisa, na mwanangu akalidaka, akanyonya kwa kelele, zahanati nzima ikapiga vigelegele.