Shimo la Klachi

Sisi tuliozaliwa pande za Bungoma kabla ya Uhuru tulilijua gari kwa pua kabla ya kulijua kwa macho. Petroli, vumbi, ngozi ya viti iliyokaushwa na jua. Likipita tulikimbia nyuma yake tukivuta harufu ile hadi vifua vijae, halafu tukarudi nyumbani kuchapwa kwa sababu mbuzi wameingia kwa mahindi ya watu. Kwa vijana wa leo gari ni mahali pa kukaa ukiangalia simu. Kwetu lilikuwa swali, na mimi maswali sikuweza kuyanyamazia.

Baba yangu alikuwa mchuuzi wa mahindi, na alikuwa na gari kuukuu la boksibodi, mbele chuma, nyuma mbao, alilolinunua kwa mzungu mmoja wa Endebess aliyekuwa amelichoka. Hakuwa fundi. Lakini alisema kama kitu kina nati, basi kilifungwa na mtu, na yeye pia ni mtu.

Siku moja tukitoka sokoni tulifika kilima cha mtoni, chini ya boma letu, gari likakataa kupanda. Baba akakanyaga mafuta, injini ikanguruma kwelikweli, na gari likarudi nyuma polepole. Harufu ya kitu kilichoungua ikatujaa ndani. "Klachi imekwisha," Baba akasema. Nikamuuliza klachi ni nini. Akavibana viganja vyake viwili pamoja. "Huu mkono ni injini, huu ni magurudumu. Vikishikana tunaenda. Katikati kuna sahani, na ngozi yake imelika, sasa vinateleza tu." Wiki nzima nilitembea nikibana viganja na kuviachia, Mama akafikiri nina upele.

Aliyeumia zaidi ni Kukhu. Ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake Baba. Kukhu na mdogo wake Naliaka, aliyeolewa Endebess, hawakuwa wamesemezana tangu mama yao azikwe, na kisa kilikuwa jiwe la kusagia wimbi. Naliaka alilibeba siku ya matanga na Kukhu akasema ni lake. Sasa Kukhu alikuwa mzee, kifua kinambana, na alitaka jambo moja tu: afikishwe Endebess waongee na mdogo wake kabla hajafa. Baba alikuwa amemwahidi kumpeleka mwezi uleule. Kila asubuhi Kukhu alitazama mtoni gari lilipolala, akamuuliza Baba, "Hiyo klachi na mimi, nani atatangulia?" Mimi niliogopa kwa sababu Kukhu hakuwa anatania.

Ili kufikia klachi lazima ushushe giaboksi, na ili uishushe lazima usimame chini ya gari. Basi Baba na mjomba wakachimba shimo kando ya nyumba, refu, jembamba, kina cha kifua cha mtu, udongo mwekundu wakaurundika pembeni. Gari lingesukumwa juu yake. Lakini lilikuwa bado mtoni, likisubiri maksai wa jirani wamalize kulima ndipo walivute. Baba akaliacha shimo wazi akaenda Kitale kutafuta sahani mpya.

Kama umelelewa kwetu, shida umeshaiona. Kwetu watu huzikwa bomani. Boma lina ajuza mgonjwa, shimo jipya linaonekana barabarani, na mwenye boma ameonekana akielekea Kitale uso umekunjamana. Nani atasimama kuuliza? Madereva wa malori walipita wakivua kofia, na habari za kifo cha Kukhu zikafika Endebess kabla Baba hajarudi.

Tulikuwa nyuma ya jikoni, mimi na Kukhu, tukipukuchua maharagwe, tuliposikia kilio. Nikachungulia. Naliaka alikuwa ameshuka lori, leso kiunoni, na wanawake wa njiani wamejiunga naye. Mama aliwakimbilia akisema hakuna msiba, ni gari, jamani, ni klachi. Wakamkumbatia na kumwambia alie tu, kuchanganyikiwa ni kawaida. Naliaka akafika ukingoni mwa shimo, akaanza kusema na marehemu, vile ilivyokuwa desturi.

Niliinuka nikimbie kuwaambia. Kukhu akanishika gauni. "Kaa chini," akanong'ona. "Mwache amalize."

"Dada yangu," Naliaka alilia, "jiwe ni lako. Mama alisema ni lako, nilisikia na masikio yangu. Nilikuonea wivu kwa sababu alikupenda. Miaka yote nimesaga na jiwe lile na unga haukuwahi kuwa na ladha. Sasa nitamwomba nani msamaha?"

Kukhu alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanadondokea maharagwe. Alipanguza uso, akakung'uta maganda kwenye sketi, akazunguka kona ya jikoni. "Mbona hukuja nalo?" akauliza.

Wanawake walitawanyika, wengine hadi kwenye migomba. Naliaka akaketi juu ya rundo la udongo. Kukhu akaketi kando yake, wakashikana mikono.

Baba aliporudi na sahani yake alikuta boma limejaa watu wanakula ugali. Maksai wakavuta gari, Mama akaingia shimoni pamoja naye kuinua giaboksi kwa mgongo, maana mjomba alikuwa mwembamba mno. Baba alichonga kipande cha mpini wa jembe kishikilie sahani mpya katikati hadi kila kitu kiingie. Naliaka alipewa ile kuukuu akaigeuzageuza. "Ati haka ndiko kameniliza vile?" Kazi ilipoisha, wale ajuza wawili walikataa shimo lililokwisha kuliliwa kama kaburi libaki tupu, lisije likamwita mtu. Ilibidi mgomba ukatwe, uzikwe humo vizuri, ingawa Baba alilalamika kwamba atalihitaji tena. Na safari ya kwanza ya klachi mpya ilikuwa Endebess, kumrudisha Naliaka na kuchukua jiwe.

Siku hizi mjukuu wangu ana gari lisilo na klachi ya kukanyaga, likigoma anapigia fundi simu na kuendelea kunywa chai. Tukizikana tunasoma sifa ndefu za marehemu, zimechapwa vizuri na picha ya rangi.

Kukhu alikufa miaka kadhaa baadaye, kweli sasa. Naliaka alikuja kwa barabara ileile, na watu wakasubiri sauti yake. Aliketi kando ya kaburi kimya. Mama alipomuuliza mbona halii, alisema, "Mimi nilishamlilia, na alisikia yote."