Picha Safi ya Saa Moja

Fundi wa televisheni wa mtaani kwetu, Toledo, hawezi kupita kioo bila kukipangusa kwa mkono wa shati. Mwaka 1977 alijaribu mashine mbili za kurekodi vipindi nyumbani: moja yenye picha safi, nyingine yenye kanda ndefu. Mimi, mhitimu mwenye jibu la kila kitu, nikamwambia, "Ubora utashinda, mzee." Akaweka duka rehani, akanunua ishirini za picha safi. Mteja wa kwanza alikuwa Bi. Nowicki.

"Fundi, inarekodi mechi nzima?"

"Saa moja, mama. Lakini tazama rangi hizo."

"Nimeziona. Ila mume wangu atataka kujua nani kashinda."

Fundi alicheka, akamfungulia mlango. Mwaka uliofuata benki ilichukua duka. Sasa anafanyia kazi gerejini kwake. Hajanilaumu hata siku moja. Nikipita huniita profesa, na bado ananiomba ushauri.