Buluu ya Mama

Sifa zote ni za Mungu, aliyenipa umri mrefu kuliko wa mama yangu, na sasa amenipa moyo wa kusema nililolinyamazia.

Harufu ya mabibo yaliyopasuka juani na kuanza kuchacha hunirudisha kwenye msimu mmoja wa korosho, shambani kwetu karibu na Newala. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa na kisukari, na kila asubuhi mimi ndiye niliyempima mkojo: matone machache ndani ya kichupa chembamba chenye dawa ya buluu, kisha nakipasha juu ya kibatari. Rangi ikigeuka kijani, sukari imeanza kuzidi. Ikifika rangi ya tofali, nyumba nzima ilinyamaza. Ikibaki buluu, tulishangilia.

“Leo rangi gani, daktari wangu?” Mama aliuliza siku ile, sindano yake ya kushusha sukari ameshajichoma.

“Buluu, mama! Siku ya nne!”

“Basi uji wangu kunyweni nyie. Sitaki kuiharibu.”

Tukaenda kuokota korosho pamoja na jirani yetu, Mama Hassani. Jua lilipopanda, Mama alilowa jasho, mikono ikamtetemeka. “Mama Zuhura, mbona unatetemeka kama bibi harusi?” Mama Hassani alimtania. Mama akamjibu akimwita kwa jina la bibi yangu, aliyekwisha kufa. Kisha akakaa chini katikati ya mabibo, macho wazi, asinitambue.

Mama Hassani aliokota bibo bivu, akalisogeza kwenye midomo ya Mama ili amkamulie. Niliushika mkono ule kwa nguvu zangu zote. “Usimpe! Tamu inamuua!” Alisita, akanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa nikifuatana na Mama hospitali. Yeye hakuwahi kufika. Akaliacha bibo likaanguka. Wanaume walimbeba Mama kwa machela kuteremka mlima, na hatukufika naye hospitali akiwa hai.

Leo nami nina kisukari. Mwaka huu kliniki walinitoboa kidole, kimashine kikaonyesha tatu na nusu. Nilingoja pongezi.

“Shikamoo, bibi,” alisema muuguzi, binti mdogo.

“Marahaba, mwanangu.”

“Usiinuke. Kunywa kwanza soda hii. Kwako wewe, kabla ya kula isipite saba, lakini chini ya nne ni hatari. Umechoma sindano bila kula?”

Nilimuuliza juu ya ile buluu. Akaniambia kwa upole kwamba ilionyesha tu sukari haijamwagika kwenye mkojo. Imeshuka kiasi gani kwenye damu, haikuweza kusema. Nililia mbele yake kama mtoto wa miaka kumi. Huenda hata Mama aliambiwa kuwa sukari ikishuka mno nayo huua, lakini sisi nyumbani tulikuwa tukiogopa upande mmoja tu.

Siku hizi nafunga sukari kwenye pindo la khanga, na majirani wote wanajua ilipo. Wewe unayesoma, Mungu akulinde na ya juu na ya chini, akupe jirani mwepesi wa huruma, na mkono wake asitokee mtu wa kuuzuia.