Thongbai na Kilio cha Paka Arobaini

Thongbai hakuajiriwa na mtu. Alishona suruali Bangkok miaka ishirini na sita, akarudi kijijini kwetu na mgongo mbovu, na tangu hapo kila asubuhi yuko kwenye kituo cha paka nyuma ya hekalu. Hufagia mavi, huchemsha vichwa vya samaki, hutia dawa macho yenye tongo. Watu wa siku hizi humtupa paka langoni kwa watawa, wakasujudu, wakaenda zao. Thongbai huwaokota. Mwaka ninaousimulia walikuwa arobaini na mmoja.

Mwaka huo mvua ilikatika katikati ya msimu. Shamba la mpunga la Thongbai, lililo juu kuliko yote, lilipasuka kwanza.

Zamani tulijua la kufanya. Paka jike wa rangi ya majivu anatiwa ndani ya tenga, anapitishwa nyumba kwa nyumba akimwagiwa maji, na akilia, mbingu inasikia. Vijana sasa wanabeba mwanasesere wa paka wa dukani. Mwanasesere analia lini? Nikaapa kwamba safari hii paka atakuwa paka, nikaenda kituoni na mwenyekiti wa kijiji, Wichit.

Jike la majivu lilikuwepo moja tu, limejikunja mapajani kwa Thongbai, kifua kinakoroma.

"Huyu hapana, Babu. Anaumwa mapafu. Mkimlowesha leo, kesho mtamzika."

"Paka mmoja, na kijiji kizima kife njaa?" nikamuuliza.

"Na shamba lako linakauka, dada," Wichit akasema. "Au siku hizi unakula manyoya?"

"Nikianza nitakualika. Huyu hatoki."

"Watu watasema wewe ndiye uliyeifunga mvua."

"Waseme. Walipokuja kutupa paka hapa mbona midomo ilikuwa mizito?"

Nikamwambia Bangkok imemharibu, amesahau mila za mama yake. Aliendelea kumfuta paka pua. Kisha akauliza, "Babu, mila inataka paka alowe, au inataka paka alie?"

Ilibidi nifikiri. "Alie."

"Basi kesho saa mbili piteni hapa na tenga tupu. Nitawacheleweshea paka chakula."

Tukapita na ngoma. Paka walimwona kasimama na sufuria ya samaki, hagawi. Jamani! Nina miaka themanini na moja, sijapata kusikia kilio kama kile. Wichit aliziba masikio. Maji tuliyobeba tukammwagia Thongbai, ndoo baada ya ndoo, nywele zimemganda usoni, naye anapiga kelele, "Ongezeni! Paka wenu ndiye mimi!"

Mvua ilikuja siku ya kumi na moja. Mashamba ya chini yalipona. Miche ya Thongbai ilikuwa imekwisha kufa. Wapo walionong'ona kwamba paka halisi angeiwahisha, na kwa nusu siku nami nilikuwa miongoni mwao. Halafu nikapita kituoni, nikamkuta akihamishia vizimba pakavu. Jike la majivu lilikuwa linakula.

Zamani mtu akipoteza miche, kijiji kilishuka shambani kwake bila kuitwa, kila mmoja na kitita cha miche iliyobaki kwake. Ujima huo umekufa. Watu wanakodi mashine na kufunga milango. Nilibisha kila mlango, tukapatikana watatu: mimi, mke wangu, na Wichit aliyenung'unika njia nzima. Thongbai alitukuta tumeinama kwenye tope lake, akasimama juu ya tuta, ameduwaa.

"Unatuangalia nini?" mke wangu akamwita. "Shuka! Au umezoea kuinamia paka tu?"

Akashuka na mgongo wake ule. Mpaka saa kumi tulikuwa tumepandikiza robo ya shamba. Hapo akanawa miguu, akatuacha sisi vikongwe tumeinama kwenye tope lake mwenyewe, akaenda kulisha paka.