Kombe la Asubuhi

Mtaani walimwita Cheche, na hata mama mkwe wake alishasahau kumwita vingine. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma: mageti, madirisha, vitanda vya watoto. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na vyumba vyao vya kazi vilitenganishwa na ukuta mmoja tu, huku moto na kelele, kule vitambaa na redio. Wateja wageni waliotaka geti waliingia kwanza kwa mwanamume. Naye, bila kuinua macho kwenye sindano, aliwaonyesha kwa kidole gumba: mlango wa pili, na mkipunguziwa bei mniambie, maana mimi sijawahi.

Jioni Cheche alivua ovaroli na kuvaa filimbi. Alifundisha timu ya wasichana wasiozidi miaka kumi na saba, kwenye uwanja wa shule uliolala upande, kiasi kwamba timu inayoshambulia kuelekea chini ilihesabiwa kuwa na mchezaji wa ziada. Magoli aliyachomelea mwenyewe kwa mabomba yaliyobaki kwenye kazi za watu. Jezi alizishona mumewe, na kwa kuwa kitambaa kilimwishia katikati, mabeki walivaa bluu iliyokoza na washambuliaji bluu iliyopauka. Wapinzani walicheka mpaka walipofungwa.

Ubishi wa Cheche haukuanza jana. Alipokuwa na umri wa wasichana wake, naye alicheza, winga ya kushoto, na timu yao ilichukua ubingwa wa wilaya siku moja na wavulana. Wavulana walipewa kombe lenye masikio mawili. Wasichana walipewa mabeseni ya plastiki, kila mmoja la kwake, na wakaambiwa wapige makofi. Mama yake alilifurahia sana lile beseni. Cheche alilala na njaa siku ile kwa hasira, na tangu hapo mtu akimwambia jambo fulani ndivyo lilivyo, yeye huuliza nani kasema.

Miaka ikaenda, akaolewa, akazaa, na timu yake ikafika fainali ya taifa ya vijana.

Fainali mbili zilipangwa siku moja kwenye uwanja mkubwa: wasichana asubuhi, wavulana saa kumi jioni. Asubuhi ile majukwaa yalikuwa na wazazi wachache na wafagiaji. Wapinzani walikuja na njumu mpya na daktari wao wenyewe. Waliwabana wasichana wa Cheche kipindi chote cha kwanza, na kipa, binti wa muuza nyama, aliokoa mipira hadi glavu moja ikachanika. Kisha, mechi ikielekea ukingoni, nahodha alipiga mpira wa adhabu ukagonga mwamba, ukaanguka, ukamgonga beki mgongoni, na mshambuliaji mdogo waliyemwita Kijiko akausukuma wavuni kwa paja. Lilikuwa bao baya kuliko yote ya mashindano yale. Cheche alilipenda kama alivyowapenda wanawe.

Katibu wa mashindano alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti laini. Alimkabidhi nahodha kombe kubwa la rangi ya fedha, wapiga picha wawili wakafanya kazi yao, mama wa kipa akalia waziwazi. Wasichana walilibusu kombe kwa zamu. Ndipo katibu akarudi, amenyoosha mikono.

"Hongereni sana, wanangu. Sasa nirudishieni, tukalisafishe."

Nahodha alidhani hakusikia vizuri. Katibu akaeleza kwa upole kwamba mwaka huu limetengenezwa kombe moja. Asubuhi lilikuwa la picha za wasichana; jioni mgeni rasmi atawapa wavulana. La wasichana litatengenezwa baadaye, nao watapelekewa kwao.

Nahodha akamgeukia Cheche, na wenzake wote wakafanya vivyo hivyo. Cheche alijua mtu huyu angeweza kumfungia, na hata kuifungia timu. Alijua pia kwamba akisema sawa hapa, mabinti hawa watazoea kusema sawa kila mahali.

Akauliza, "Na wavulana wa mwaka jana? Lao walipelekewa, au waliondoka nalo?"

Katibu akasema hayo ni mambo mengine.

"Mimi nilipokuwa kama hawa, tulishinda wakatupa mabeseni," Cheche akasema. "Leo mmetupa kombe. Tumelipokea, tumeshukuru. Halirudi."

"Mama, usinifikishe mahali pa kuita askari."

"Waite. Ila waambie wazi wanakuja kumnyang'anya nani, na nini."

Katibu akaondoka kwa hatua fupi za haraka. Cheche akawaambia wasichana kwamba anayetaka kwenda kwenye basi aende, hapana atakayemlaumu, na wala hatapoteza namba yake. Nahodha alitembea hadi katikati ya uwanja, akaketi ndani ya duara, akaliweka kombe mapajani. Wengine wakamfuata, bluu iliyokoza na bluu iliyopauka, wakamzunguka. Baada ya kitambo Kijiko akainua mkono na kuuliza kama waliogoma wanaruhusiwa kwenda chooni. Wakacheka mpaka hofu ikapungua, kisha wakapanga zamu.

Askari walikuja. Mkubwa wao, mtu mzima mwenye kitambi, aliwatazama wale watoto wenye magoti yaliyochubuka, akamtazama katibu. Akasema yeye ameagizwa kushughulika na wafanya fujo, na hawa wameketi. Kama kuketi ni fujo, aletewe amri iliyosema hivyo. Akaenda kutafuta kivuli.

Jua likapanda. Wazazi wakaleta maji na mikate. Adhuhuri watu wa fainali ya jioni wakaanza kujaa, na kila aliyefika aliuliza wale wasichana wanafanya nini pale. Habari ikapita kiti kwa kiti. Mwanzoni wapo waliozomea, wakisema watoke watu waone mpira wa kweli. Mwanamke mmoja wa jukwaa la juu akawajibu kwa sauti iliyofika chini: wameshacheza, wameshinda, wewe ulikuwa umelala. Jukwaa zima likamcheka mzomeaji, na tangu hapo upepo ukageuka. Wavulana walipotoka kupasha misuli, walikimbia pembeni mwa duara bila kulikanyaga.

Mgeni rasmi alifika na msafara wake, akauliza kuna nini. Katibu akamnong'oneza. Uwanja mzima ulikuwa unatazama, na kamera zote zilikuwa zimeelekezwa kwake. Alikuwa mzoefu wa siasa. Hakutaka picha yake akipokonya watoto kombe. Alishuka hadi kwenye duara, akampa nahodha mkono, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba kombe ni la wasichana, na kwamba la wavulana litatengenezwa baadaye, nao watapelekewa kwao. Wasichana walisimama. Uwanja uliwashangilia, na Cheche, ambaye hakuwahi kulia mbele yao, aliinama kufunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

Langoni katibu alimsubiri. Sauti yake haikuwa laini tena.

"Mwaka mzima hutagusa benchi, mama. Mwaka mzima."

"Nimekusikia," Cheche akasema, akapanda basi.

Adhabu ilikuja kweli. Mwaka ule kila mechi aliitazama akiwa nje ya ua wa waya, na kwa kuwa alizoea kupaza sauti kushinda mashine ya kukata vyuma, hapana mchezaji aliyekosa kumsikia. Waamuzi walilalamika. Aliwauliza ni sheria gani inayomkataza mtu kuongea barabarani. Kombe lenyewe lilihama nyumba hadi nyumba, kila mchezaji na zamu yake. Muuza nyama alilikalisha juu ya friji ya dukani, na mteja aliyeuliza bei bila kulitazama alihudumiwa polepole.

Kufika fainali zilizofuata, juu ya meza yenye kitambaa chekundu yalisimama makombe mawili yaliyolingana kimo. Wasichana wa Cheche walikuwa wametolewa nusu fainali, kwa haki kabisa, na yeye alikuja kama mtazamaji, mumewe ubavuni. Timu ya mbali, ambayo hakumjua mchezaji wake hata mmoja, ilishinda. Waliliinua lao, wakaondoka nalo, na katibu hakunyoosha mkono. Cheche aliwapigia makofi hadi viganja vikawaka moto.

"Basi umeridhika?" mumewe akamuuliza.

Cheche alikuwa ametazama majukwaa. Wazazi wachache, na wafagiaji.

"Kwa nini sisi asubuhi?" akasema. "Nani kasema fainali ya jioni ni ya wavulana kila mwaka?"

Mumewe alipumua, akaupokea mkoba wake bila kuombwa. Kule chini katibu alikuwa anapita mbele ya jukwaa. Alipoinua macho na kumwona nani anashuka ngazi, aliongeza mwendo. Cheche naye akaongeza.